Shangazi wa Bwawa la Nyota, Aliyeingia Harusini na Ndoo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mtunzaji mkuu wa bwawa la kugusa, lile ambamo wageni huingiza mkono wakagusa wanyama, katika jumba letu la viumbe wa baharini anastaafu baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Mlango wa ofisi yake una kibao chenye jina lake kamili na shahada zake mbili, lakini hakuna anayekisoma. Wafanyakazi, wageni, madereva wa mabasi ya shule, hata mke wa Meneja, wote humwita Shangazi. Alilipata jina hilo kwa namna anavyokemea. Anakukemea kama dada wa baba yako, mtu usiyeweza kumjibu wala kumkimbia, kisha akimaliza anakuuliza kama umekula.

Mimi ni fundi wa pampu. Kamati ya wafanyakazi imeniomba niandike wasifu huu kwa sababu nimefanya kazi karibu naye kuliko wengi, yeye juu na wanyama wake, mimi chini yake na mabomba yangu. Ofisi ya Meneja nayo imetuma ujumbe kwamba niandike kwa lugha ya furaha na nisiguse mambo ya zamani. Furaha ipo, wala haihitaji kutafutwa kwa tochi. Ila hilo la pili limenishinda. Mambo ya zamani ndiyo wasifu wenyewe. Ukiyaondoa zinabaki tarehe na soda.

Shangazi alipoajiriwa, bwawa la kugusa lilikuwa beseni kubwa la saruji lenye kasa mmoja mwenye huzuni. Kasa akahamishiwa penye nafasi, na Shangazi akaomba apewe lile beseni kwa ajili ya wanyama ambao hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiwagombania. Papa ana meno, pweza ana akili, samaki wa miamba wana rangi. Yeye alichagua kundi ambalo vitabu vya shule huliita ekinodamu, maana yake wenye ngozi ya miiba. Hao ni nyota wa bahari, nungu bahari, jongoo bahari na jamaa zao. Ni wanyama wasio na kichwa. Meneja wa enzi hizo alimuuliza ni nani atalipa kiingilio aje kutazama kitu kisicho na kichwa. Shangazi akamjibu kuwa watu hupanga foleni maofisini kila siku na hawajalalamika.

Mnaona alikotokea. Hakuwa mtu wa kuinama, na nisingependa sherehe hii imgeuze kuwa bibi mpole wa kupigiwa makofi.

Somo lake kwa wageni lilianza na ugomvi wa majina. Nyota huyu mnayemwita kiti cha pweza, alikuwa akisema, si kiti, na hakuna pweza aliyewahi kuonekana amemkalia. Jongoo bahari si jongoo. Nungu bahari hana undugu na nungunungu. Tumewapa majina ya kuazima, basi angalau tuwape heshima yao wenyewe. Kisha aliwaambia watoto wahesabu. Nyota wa bahari ana mikono mitano, hilo linaonekana. Lakini nungu bahari, yule mviringo aliyejaa miiba kama brashi ya chuma, naye ni wa tano tano. Chini ana mdomo wenye meno matano, na gamba lake, ukiliona limekauka, lina mistari mitano ya matundu madogo ambamo miguu hutokea. Jongoo bahari, yule mnene laini kama soksi iliyojaa mchanga, naye ukimchunguza ana mistari mitano ya miguu kutoka mdomoni hadi nyuma, ila yeye ameamua kuishi kalala ubavu. Watoto walicheka, na wakishacheka hawakusahau tena.

Nyota wembamba aliwaweka penye mawe, kwa kuwa wana aibu. Hao mwili wao wa katikati ni mdogo kama kifungo cha koti, na mikono yao ni myembamba, inajipinda kama mikia ya mijusi. Ukiwashika kwa pupa wanakuachia mkono wao na kuondoka zao. Na kwenye kona yenye mkondo aliwaweka nyota manyoya, ambao tofauti na wenzao wameelekeza mdomo juu, wakiitandaza mikono yao kama manyoya ya ndege ili kunasa chakula kinachopita. Ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Mwenyewe alikuwa akisema ni kama mashemeji zake.

Kuna jambo mimi lilinigusa kwa sababu ya ufundi wangu. Mgongoni mwa nyota wa bahari, si katikati kabisa, kuna doa dogo gumu lenye vitundu kama chujio. Maji ya bahari huingia hapo, yakapita kwenye mfereji unaozunguka katikati ya mwili, yakagawanywa kwa mifereji mitano mikononi, hadi kwenye mamia ya vijiguu laini chini. Mnyama akibana maji, kijiguu kinarefuka na kushika. Akiyarudisha, kinaachia. Hivyo ndivyo anavyotembea, anavyoshikilia jiwe mawimbi yakimpiga, anavyofungua chaza aliyejifunga. Siku Shangazi aliponieleza hayo nilimwambia, "Kumbe huyu ni fundi mwenzangu." Tangu siku ile kila valvu yangu ilipovuja aliniambia nikachukue ushauri bwawani.

Aliona mapema kwamba watu wanapenda kumnyanyua nyota, na kwamba kumbandua kwa nguvu kunakata vile vijiguu. Kwa hiyo alipigania upande mmoja wa bwawa uwe wa kioo, ili mtoto apige magoti aone chini ya mnyama bila kumtoa majini. Alipata kioo hicho baada ya miaka minne ya kuomba. Alipata pia njia ya mteremko kwa wenye viti vya magurudumu. Siku moja alikuja mzee asiyeona, kinyozi mstaafu, ameshikwa mkono na binti yake. Shangazi akaulowesha mkono wa mzee, akaulaza chini kabisa, akamwambia asubiri. Nyota mmoja akaja polepole akampanda vidole. Mzee akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka. "Jamani, ananisalimia! Ananishika huyu!" Alikaa pale mpaka maji yakamkunja ngozi ya vidole.

Nyumbani kwake Shangazi ana mume fundi cherehani, bwana mcheshi anayesema alioa mke halafu mke akaolewa na bwawa. Ni yeye aliyemshonea ile aproni ya turubai yenye mifuko mirefu, na ni yeye aliyezoea kula chakula kilichopoa kila pampu ilipoharibika. Shemeji, kwa niaba ya mabomba yote, tunakuomba radhi.

Sasa nifike pale nilipoambiwa nisifike.

Miaka tisa iliyopita, Meneja wetu wa sasa alianza kukodisha ukumbi mkubwa kwa sherehe. Hakuna ubaya. Watu walioana mbele ya papa, picha zikatoka nzuri, na sisi tulizoea kufagia maua Jumapili. Jumamosi moja ilikuwapo harusi ya familia kubwa. Mimi nilikuwa nje, kwenye bomba linalovuta maji kutoka baharini, nikiondoa mwani uliolikaba. Shangazi alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa imekwisha. Mlinzi wa lango la nyuma aliona wapambaji wakiingia ukumbi wa pili, wenye bwawa letu, na nyavu na mabakuli ya kioo. Akawazuia. Wakamwonyesha kwamba Meneja ameruhusu, na Meneja mwenyewe akatokea akamwambia afungue. Mlinzi akafungua, kisha akampigia simu Shangazi.

"Shangazi, wanawachota."

"Wanachota nini?"

"Watoto wako. Wanawatia kwenye mabakuli ya mezani."

Nilimkuta langoni anashuka kwenye pikipiki, buti za mpira miguuni, gauni la nyumbani, aproni juu yake. Hakunisalimia. Alisema, "Leta ndoo zote ulizonazo, ujaze maji ya bwawa." Nikaleta.

Tulipofungua mlango wa ukumbi nilichokiona sijakisahau, na ninaandika hapa hasira ikinipanda upya kana kwamba ni jana. Kila meza ilikuwa na bakuli la kioo. Ndani ya bakuli, maji ya bomba. Juu ya maji, mshumaa unaoelea, umewashwa. Chini ya mshumaa, nyota wa bahari, kalala kama pambo la dukani. Meza ya maharusi ilikuwa na bakuli refu zaidi lenye nyota wawili, nungu bahari mmoja na jongoo bahari.

Ndugu wasomaji, maji ya bomba kwa mnyama huyu ni sumu. Mwili wake hauna mlango wa kuzuia. Chumvi iliyomo ndani yake ni sawa na ya bahari, na ukimtia kwenye maji matamu, maji yanamwingia yanamvimbisha mpaka anapasuka ndani kwa ndani, kimya kimya. Hana sauti ya kulia. Mbwa angebweka, paka angekwaruza. Nyota anavimba tu, na wageni wanapiga picha. Meneja alijua hilo. Alikuwa amekaa kwenye mafunzo yale yale tuliyokaa sisi sote, na Shangazi ndiye aliyefundisha. Hakusahau. Alipima tu, akaona familia kubwa ina uzito kuliko wanyama wasio na kichwa.

Shangazi hakupiga kelele. Alianza na meza ya kwanza. "Samahanini wapendwa, endeleeni kula, napita kidogo." Akazima mshumaa kwa vidole, akaingiza mkono, akamtoa nyota akiwa amemkinga kwa kiganja chote, akamshusha ndooni. Meza ya pili. Meza ya tatu. Mimi nyuma yake na ndoo, nimevaa ovaroli yenye mwani. Muziki ulikuwa unaendelea. Mshereheshaji alidhani ni sehemu ya burudani, akasema kwenye kipaza sauti, "Na sasa tunao wataalamu wetu!" Watu wakapiga makofi.

Meneja akaja mbio, tabasamu limemganda usoni. "Shangazi, nakuomba. Unaniaibisha mbele ya wageni."

"Aibu umekuja nayo mwenyewe. Mimi nimekuja na ndoo."

"Tutaongea Jumatatu."

"Jumatatu watakuwa wamekufa. Sogea, bwana, umesimama kwenye njia yangu."

Makofi yakakoma. Muziki nao ukakatika. Wakati huohuo kwenye meza ya maharusi likasikika yowe, kwani yule jongoo bahari alikuwa amefanya anachofanya jongoo bahari akikabwa na hofu, yaani alikuwa ametapika utumbo wake wote, nyuzi nyeupe zinazonata, zikajaa bakuli. Bibi harusi akasimama, shela na yote.

"Kwani hawa wako hai?" aliuliza. Hakumuuliza Meneja, alimuuliza Shangazi.

"Walikuwa hai, mwanangu. Wengine bado wako hai, tukiwahi."

"Mimi niliambiwa ni mapambo."

Alimgeukia Meneja akamtazama. Sijui mtu anawezaje kutazamwa vile halafu akalala usingizi. Kisha akavua glavu zake ndefu, akazitupa kitini, akalichukua lile bakuli kwa mikono miwili akashuka nalo ngazi. Mama mkwe alimshika gauni, gauni likamponyoka. Bwana harusi naye akachukua bakuli la meza iliyofuata. Baada ya hapo wageni wenyewe walipanga foleni, wajomba na suti zao, shangazi za watu na vilemba vyao, kila mtu na bakuli, wakimpelekea Shangazi ndooni. Bibi mmoja alikuwa anambembeleza nyota, "Pole, mama, pole."

Nusu yao walikufa. Si siku ile. Walikufa wiki iliyofuata, mmoja mmoja. Nyota anayekufa hulegea kwanza, halafu ngozi inatoa madoa meupe, halafu mikono inakatika na kila mkono unatembea kivyake kwa muda, usijue kwamba hauna mwenyewe tena. Shangazi aliwatazama wote. Tuliwahamishia kwenye tangi la wagonjwa, nikampa mkondo mwembamba kama alivyotaka, na yeye akakaa kando ya tangi juu ya kreti. Sikumwona akilia. Nilimsikia akisema nao, maneno madogo madogo ambayo si yangu kuyaandika.

Wiki ile ya vifo ilipokwisha, Jumatatu aliitwa ofisini. Meneja hakumuuliza ni wangapi wamekufa. Alimwambia amevuruga hafla ya mteja, na kwamba kuanzia siku hiyo atafanya kazi kwenye dirisha la tiketi. Mtu mwenye shahada mbili za viumbe wa baharini, aliyelijenga bwawa lile kutoka beseni la kasa! Bwawa likakabidhiwa ofisa uhusiano, kijana mwenye adabu ambaye hakuliomba, na ambaye alikiri waziwazi kuwa anaogopa kuingiza mkono.

Na sasa someni programu mliyopewa mlangoni. Ukurasa wa pili, ofisi ya Meneja imeandika kwamba Shangazi "alihudumu pia katika kitengo cha tiketi ili kupanua uzoefu wake". Kupanua uzoefu! Hata nungu bahari, pamoja na meno yake matano, asingeweza kuutafuna uongo huo. Alipelekwa pale aaibike. Sisi tuliona, na ndiyo maana nimekataa kuandika kwa lugha isiyogusa mambo ya zamani. Mambo hayo hayajawa ya zamani kama bado yanasemewa uongo kwenye karatasi mpya.

Lakini aibu ilimkosa. Alikaa nyuma ya dirisha lile karibu miaka miwili, na kila tiketi aliyoikata ilitoka na neno. "Nawa mkono kwa maji ya bwawa kwanza. Usimnyanyue. Kidole kimoja, taratibu. Mtoto wako akikaza vidole, mwambie ahesabu hadi tano." Foleni ilikwenda kama yeye ndiye jongoo bahari. Watu walilalamika mwanzoni. Baadaye nikaanza kuona jambo kule bwawani. Mgeni mmoja akimnyanyua nyota, mgeni mwingine asiyemjua anamwambia, "Hapana, yule mama wa dirishani amekataza." Alikuwa analilinda bwawa kupitia tundu la tiketi. Kila jioni, kabla ya kwenda kwa mumewe, alipita upande wa kioo akatazama, bila kugusa chochote, kwa sababu aliambiwa asiguse. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Mimi nilikuwa nampa taarifa za maji, joto na chumvi, kama mtu anayempelekea mgonjwa habari za wanawe.

Amri ya kumrudisha haikutolewa kamwe. Alirudi hivi.

Asubuhi moja lilikuja basi la shule ya msingi. Mwalimu akafika dirishani, akasema ana darasa la tano, somo lao ni wanyama wasio na uti wa mgongo, na ameambiwa kuna mtaalamu wa bwawa. Kisha akainama atazame vizuri ndani ya dirisha.

"Si wewe wa ndoo?"

Alikuwa yule bibi harusi. Shangazi akacheka akasema ndoo zipo, ila yeye sasa anauza tiketi. Mwalimu akauliza ni nani atakayewaongoza watoto wake. Shangazi akamwambia kuna kibao ukutani, kinaeleza. Mwalimu hakuingia. Aliwageukia watoto wake akawaambia waketi kwenye ngazi za mbele, safu kwa safu, watoe daftari, wachore mawingu.

Meneja alishuka kuuliza kuna nini. Mwalimu akamsalimia kwa heshima zote. "Tunamsubiri mwalimu wetu, baba. Yuko hapo dirishani. Hatuna haraka." Nyuma ya basi lile likaja basi la pili, la tatu, ngazi zikajaa, watoto wakaanza kuimba nyimbo za shuleni, na mtu wa gazeti aliyekuwa amekuja kwa habari za papa akaanza kupiga picha. Meneja akaangalia ngazi, akaangalia kamera. Akasema, "Basi, kwa leo tu."

Leo hiyo imedumu miaka saba. Hakuna aliyemwandikia kuwa amerudi. Aliingia ndani, akavaa aproni, na siku ya pili mtu mwingine akakaa dirishani.

Alilikuta bwawa limebaki na wanyama wachache, wengi wamekonda, miiba ya nungu bahari imelala ovyo. Kati ya manusura wa harusi alikuwamo nyota mmoja aliyepoteza mikono mitatu. Ilikuwa imeota upya mifupi mifupi, ikamfanya aonekane kama kijana anayevaa suruali ya kaka yake mdogo. Watoto wakampa jina la Mzee Ovataimu, kwa kuwa hakuondoka kazini muda wake ulipokwisha. Shangazi alilijenga bwawa upya pole pole, akachukua wale tu ambao wapiga mbizi waliwapata wameumia kwenye nyavu, akakataa kung'oa wazima baharini kwa ajili ya kuwaonyesha watu. Alimfundisha yule kijana wa uhusiano, ambaye sasa haogopi kuingiza mkono na ndiye tunayemtaka amrithi. Alifundisha pia waongozaji wanne walio kazini leo. Zaidi ya yote alidai kanuni moja iandikwe, kwamba mnyama hatolewi majini kwa sababu ya hafla ya mtu yeyote. Kila kikao cha mwaka aliidai. Kila kikao aliambiwa inafanyiwa kazi.

Wiki hii limetokea jambo ambalo Shangazi halijui, na atalijua sasa hivi anaposoma, kama ninyi wengine.

Jumanne kifurushi kilifika kwa ajili ya sherehe. Mlinzi wa lango la nyuma ndiye aliyekipokea, na kwa kuwa sanduku lilikuwa limefumuka pembeni, akaona kilichomo. Ni zawadi ambayo uongozi umekusudia kumkabidhi Shangazi leo, mbele yetu sote, baada ya hotuba. Ni nyota wa bahari. Wa kweli. Amekaushwa, amepakwa rangi ya dhahabu, amegundishwa kwenye ubao uliosuguliwa, na chini yake pameandikwa "Kwa Upendo Wako kwa Viumbe".

Nimejaribu kuitafutia heshima zawadi hiyo. Nimejiambia labda ni kutojua. Lakini mtu aliyesimama katikati ya ukumbi ule miaka tisa iliyopita, akatazamwa na bibi harusi jinsi alivyotazamwa, hawezi kusema hajui. Hawa hukaushwa wakiwa hai, ndiyo biashara ilivyo. Unampa mama zawadi ya mtoto wake aliyekaushwa, halafu unamwomba atabasamu kwa picha!

Kwa hiyo, Bwana Meneja, utakapofika kwenye kipengele cha zawadi utaikuta meza tupu. Usimlaumu mpambaji wala mlinzi. Kamati nzima ya wafanyakazi imekaa, na sote kwa kauli moja tumemchukua yule nyota, tukambandua kwenye ubao wake kwa uangalifu, na asubuhi ya leo tumempeleka mwisho wa gati tukamrudisha alikotoka. Najua amekufa, hajui tofauti. Sisi tunaijua. Zawadi yetu kwa Shangazi ni nyingine. Ukutani juu ya bwawa kuna kitambaa cheupe ambacho mlidhani ni cha mapambo. Chini yake tumeandika ile kanuni kwa rangi ya mafuta, herufi kubwa kama za lango la hospitali, na kila mmoja wetu, kuanzia mfagiaji hadi mhasibu, ameweka alama ya kiganja chake pembeni. Anayetaka kuifuta aje na sisi wote.

Shangazi, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba kiumbe asiye na sauti anahitaji mtu mkorofi upande wake, na wewe ulikuwa mkorofi wetu wa kwanza. Tunakuombea afya, tunakuombea usingizi wa mchana, tunakuombea chakula cha moto mezani kwa shemeji. Nenda ukaishi vizuri.

Na kwa kuwa tunakufahamu, tunajua ukifika mstari huu utakuwa umeshaishika meza kwa mikono miwili, unataka kuinuka umfuate Meneja. Tafadhali, leo kaa. Tunasimama sisi.